CATACEL SSR ndani ya mirija ya rifoma: kichocheo cha kununuliwa kwa ajili ya joto

Sehemu kubwa ya haidrojeni inayotumika duniani bado inatokana na gesi asilia. Methani na mvuke hupitishwa ndani ya mirija iliyojazwa kichocheo cha nikeli, na mirija yenyewe imesimamishwa ndani ya tanuru. Mtambo huo ndio unaoitwa rifoma. Mmenyuko huu una njaa ya joto: kila moli ya methani inayogeuka kuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni inameza kilojuli 206. Kiwanda cha kutoa mita za ujazo 1,000 za haidrojeni kwa saa kinahitaji takriban kilowati 640 kwa ajili ya mmenyuko huo peke yake, hata ukishahesabu haidrojeni ya ziada inayopatikana baadaye kaboni monoksaidi ikikutana tena na mvuke. Joto la kupashia gesi na mvuke halimo humo, wala haidrojeni inayopotea kwenye usafishaji wa mwisho. Na joto lote hilo lina mlango mmoja tu wa kuingilia: ukuta wa mrija.

CATACEL SSR ni kichocheo kilichobuniwa kwa ajili ya mlango huo. Kilianzia kwenye kampuni ya Catacel ya jimbo la Ohio, Marekani, ambayo Johnson Matthey ya Uingereza iliinunua mwaka 2014. Badala ya kumimina pete za kauri ndani ya mrija, unashusha nguzo ya sahani za foili ya chuma cha pua zilizopakwa nikeli. Kwa maoni yetu ni bidhaa nzuri kweli kwa kiwanda kinachobanwa na halijoto ya ukuta wa mirija au na upotevu wa presha, na ni ununuzi mbaya kwa kiwanda kinachobanwa na kitu kingine. Wanunuzi wengi hawajui wako upande gani, kwa sababu hawajawahi kuyapima yale ambayo uamuzi huo unayategemea.

Pete za kauri zinapoishia

Pete za kawaida ni kauri, yaani alumina au aluminati ya kalsiamu au ya magnesiamu, zenye matundu manne au zaidi na nikeli iliyoingizwa mpaka ndani. Mrija mmoja wenye kipenyo cha ndani cha mm 100 na urefu wa mita 12 unachukua kama lita 94, yaani kilo 90 hivi za pete. Unaweza kudhani nikeli yote hiyo inafanya kazi. Haifanyi. Mmenyuko ni wa haraka mno kuliko mwendo wa methani kupenya ndani ya kauri, kwa hiyo gesi inamalizana na ngozi ya nje ya pete. Kwa kawaida chini ya asilimia 5 ya uwezo wa pete ndiyo inayotumika. Kiini chake kimelala usingizi tangu siku ya kwanza.

Hapo utaona kwa nini kuulizia "nguvu" ya kichocheo peke yake hakukufikishi mbali. Kikiwa hai na hakijapata sumu, gesi inayotoka chini ya mrija inakaribia usawa wa kikemia ndani ya nyuzi 5 hadi 10 tu. Kuongeza nguvu juu ya hapo ni kumpa chakula mtu aliyeshiba. Kinachokosekana ni joto kufika kwenye gesi.

Tufuate joto linavyosafiri. Mwali na kuta za tanuru hulimwaga kwenye mrija kwa mnururisho. Linapita kwenye chuma cha mrija, kwa kawaida aloi ya HP yenye kromiamu asilimia 25 na nikeli asilimia 35 pamoja na niobiamu kidogo, halafu linalazimika kuvuka utando mwembamba wa gesi uliogandamana na ukuta wa ndani. Chukua sehemu ya mrija inayopokea kilowati 100 kwa mita ya mraba. Chuma cha unene wa mm 12 kinakula nyuzi 43 hivi kati ya uso wa nje na wa ndani. Utando wa gesi, ukiwa na uwezo wa kupitisha wati 1,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, unakula nyuzi 100 nzima. Chuma huwezi kukibadilisha bila kung'oa mirija. Utando unaweza kuuvuruga, na hiyo ndiyo kazi inayofanywa na SSR.

Sahani yenyewe

Ukiishika mkononi ni foili iliyokunjwa mikunjo ya pembetatu kuzunguka duara, mfano wa karatasi ya upepeo wa kukunja uliofunguliwa ukakutana mwanzo na mwisho. Sahani hizi zinapangwa moja juu ya nyingine kwenye fimbo ya katikati, zikitenganishwa na washa nyembamba za bati. Gesi ikishuka inaingia kwenye mikunjo ya sahani ya juu, inakuta chini pameziba, inalazimika kuruka nje kwa nguvu na kugonga ukuta wa mrija. Pale inabeba joto, inazunguka ukingo wa sahani na kurudi ndani kwa chini yake, ambako nikeli inaitumia. Halafu sahani inayofuata, na mchezo ule ule. Kwa pete, gesi hugusa ukuta kwa bahati. Kwa sahani hizi imeamriwa kwenda ukutani.

Mtengenezaji anadai upitishaji wa joto ulio juu kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko pete, kwa upotevu wa presha ule ule au pungufu. Tuseme ni asilimia 25, turudi kwenye hesabu yetu. Nyuzi 100 za utando zinakuwa 80. Ukuta wa mrija pale unapoa kwa nyuzi 20 bila gesi kupoteza chochote. Kanuni ya mafundi wa mirija ni kwamba kila nyuzi 20 juu ya halijoto iliyokusudiwa hukata maisha ya mrija kwa takriban nusu. Mrija unaosanifiwa kwa saa 100,000 hauchezewi, na nyuzi 20 ni nyingi sana.

Lakini usiipeleke hesabu hiyo kwa mhasibu kabla ya kuangalia mahali. Chini ya mrija, ambako methani imebaki kidogo, joto linaloingia linaweza kushuka hadi kilowati 40 kwa mita ya mraba, na hapo nafuu ni nyuzi 8 tu. Kama mirija yako inaungua zaidi chini, faida ya SSR itakuwa ndogo kuliko ile ya kwenye kipeperushi. Kama inaungua kwenye theluthi ya juu, kama ilivyo kwa matanuru mengi yenye vichomeo vya darini, faida ni kubwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kumtaka muuzaji ni mchoro wa halijoto ya ukuta kutoka juu hadi chini kwa tanuru lako, kabla na baada. Wastani hauna faida kwako.

Faida ya pili haizungumzwi vya kutosha: foili haisagiki. Mrija wa mita 12 ukipanda hadi nyuzi 850 unarefuka kwa zaidi ya sm 15 na kutanuka kipenyo kwa milimita moja na nusu hivi. Pete zinashuka kujaza nafasi hiyo. Mrija ukipoa unajikunja na kuzibana, na kauri haijui kukunjamana, inavunjika. Kila kuzima na kuwasha kunaongeza vumbi, vumbi linaongeza upotevu wa presha, na mrija uliosongwa unapata gesi kidogo kuliko majirani zake, hivyo unapata moto zaidi. Chuma cha pua kinapanda na kushuka pamoja na mrija. Kiwanda kinachozimika mara kwa mara kwa sababu ya umeme wa gridi kina sababu ya kuiangalia SSR hata kama hakina shida ya halijoto.

Pima kwanza

Halijoto ya ukuta hupimwa kwa pirometa, kipimajoto kinachosoma mwanga wa kitu cha moto kwa mbali, kupitia tundu la kuchungulia, na hapa makosa ni mengi. Pirometa inapokea mwanga wa mrija wenyewe pamoja na mwanga wa ukuta wa tanuru uliogonga mrija na kurudi. Kwa kuwa matofali ni ya moto kuliko mrija, namba inasomeka juu ya ukweli, mara nyingi kwa makumi ya nyuzi. Njia sahihi ni kusoma mrija, kusoma matofali na mirija ya jirani inayouzunguka, halafu kusahihisha kwa emisiviti, yaani uwezo wa uso wa mrija kutoa mnururisho, ya takriban 0.82 hadi 0.85. Pirometa ya mawimbi ya mikromita 3.9 haisumbuliwi sana na mvuke na kaboni dayoksaidi zilizo kwenye moshi. Ya mikromita 1 haiumizwi sana na kosa la emisiviti. Chagua moja, andika ni ipi, na usibadilishe kati ya kipimo cha kabla na cha baada. Tofauti ya nyuzi 20 unayotaka kuithibitisha inamezwa kirahisi na kubadilisha kifaa tu.

Ukiweza kukodi pirometa ya kikombe cha dhahabu, ikodi kwa siku mbili. Kikombe kinawekwa juu ya mrija na kuzuia mwanga wa pembeni, kwa hiyo kinakupa namba ya kweli kwa mirija michache unayoifikia. Zitumie hizo kurekebisha zile za pirometa ya kawaida.

Pirometa isifanye usahau macho. Mirija inayomulika milia, bendi angavu na bendi hafifu zikipishana kama mkia wa chui milia, ina nafasi tupu ndani: pete zilikwama wakati wa kumimina zikaacha pango. Madoadoa angavu kama shingo ya twiga kwenye theluthi ya juu ni kaboni. Kaboni hupenda mahali ambapo methani bado ni nyingi, haidrojeni bado ni chache, na ukuta wa ndani umeshafika nyuzi 650 hadi 700. Mrija mzima ukiwaka kuliko wenzake umeziba, au haupati gesi yake. Na tanuru zima likipanda polepole, wiki kwa wiki, huku methani inayotoka ikiongezeka, shuku salfa. Nikeli iliyotiwa sumu haitumii joto, na joto lisilotumika linabaki kwenye chuma.

Dalili hii ya mwisho ndiyo inayowapotosha wanunuzi. Wanaona ukuta wa moto, wanaamua kwamba wanahitaji upitishaji bora wa joto, wanaagiza SSR. Salfa inabaki pale pale. Tabaka la nikeli kwenye foili ni jembamba, akiba yake ni ndogo kuliko kilo 90 za pete, na litalemewa mapema zaidi. Kabla ya kuagiza, thibitisha kwamba kitanda cha oksidi ya zinki, kinachonasa salfa kabla gesi haijafika kwenye mirija, kinapitisha salfa chini ya 0.1 ppm (sehemu kwa milioni), na kwamba kinafanya kazi kwenye nyuzi 350 hadi 400. Kikipoa kinapokea salfa polepole mno. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay nchini Tanzania ni karibu methani tupu na salfa yake ni ndogo sana, mlo mwema kabisa kwa rifoma. Lakini gesi yoyote iliyotiwa harufu kwa usalama kwenye mtandao wa usambazaji imebeba salfa ndani ya harufu hiyo hiyo, na asiyejua hilo anaruka kitanda cha zinki akidhani anaokoa fedha.

Kuivalisha mirija

Kazi ya kufunga SSR inataka mrija uliopimwa. Pete hujipanga zenyewe kwenye mrija uliobonyea au kuvimba, sahani haziwezi. Nafasi kati ya ukingo wa sahani na ukuta ni sehemu ya usanifu. Mrija wa HP uliotanuka asilimia 2 kwa kipenyo umeongeza milimita moja kila upande, na gesi itaona njia ya mkato: itashuka moja kwa moja ukutani bila kuingia kwenye mikunjo. Mahali hapo ni pale pale palipovimba kwa joto, kwa hiyo sahani zinakuwa dhaifu pale zinapohitajika zaidi. Pitisha kifaa cha leza ndani ya kila mrija, kipime kipenyo kwa urefu wote. Mirija iliyotanuka kufikia asilimia 2 hadi 3 iko kwenye foleni ya kubadilishwa. Usiivalishe foili mpya.

Angalia pia maungio. Mirija hii humiminwa kwa kuzungushwa, vipande vya mita kadhaa vikaungwa kwa weldi. Weldi iliyotokeza ndani kwa milimita mbili pete haziioni, ila nguzo ya sahani inaweza kukwama juu yake. Kamera ya bomba itakuonyesha, na grinda ya ndani itaondoa.

Kwa utaratibu, kazi huenda hivi. Pete za zamani hufyonzwa, mrija husafishwa hadi chini, na wavu wa chini hukaguliwa kama umepinda au umeziba. Upotevu wa presha wa mrija mtupu hupimwa kwa hewa kavu isiyo na mafuta, kwa kifaa chenye tundu maalumu la kuweka mtiririko sawa, kwa sababu mrija mtupu wenye upotevu mkubwa una takataka kwenye bomba lake dogo la kutokea, na ukiuvalisha hivyo utalaumu sahani bure. Kisha nguzo zinashushwa moja baada ya nyingine, urefu ukiandikwa kila mara. Mwisho kila mrija hupimwa tena, na yote inatakiwa kuwa ndani ya asilimia 5 juu au chini ya wastani. Kwa pete, kuufikia usawa huo kunahitaji mkono mzuri, au mbinu ya kumimina kwa kamba yenye springi inayopunguza mwendo wa pete zikishuka, ile ya UNIDENSE iliyotoka Norsk Hydro. Kwa SSR usawa unakuja karibu wenyewe, maana sahani ni za kiwandani na idadi yake inajulikana. Kwenye tanuru la mirija mia kadhaa, hili ni jambo kubwa: mirija ikigawana gesi kwa haki, hutalazimika kuendesha tanuru zima kwa kuuogopa mrija mmoja mbaya.

Upande wa hasara, ufungaji unahitaji kikosi cha mtengenezaji na mrija unaofunguka kwa juu kwa kipenyo chake chote. Baadhi ya rifoma za zamani zina shingo nyembamba juu. Kwa hizo, hadithi inaishia hapo.

Siku ya kuwasha

Hakuna kichocheo kinachokulinda na kosa la siku ya kuwasha, na hakuna sehemu ya kazi hii inayostahili umakini zaidi. Mirija mingi iliyoyeyuka haikuyeyuka kwenye uzalishaji wa kila siku. Iliyeyuka wakati wa kuwasha, na sababu yake inaeleweka kirahisi: mtiririko ndani ya mirija ni mdogo, au umekatika, na hakuna mmenyuko wa kumeza joto. Thamokapo ya kutokea, yaani kipimajoto cha waya kilichowekwa mwisho wa mirija, inapima gesi. Kama gesi haitembei, thamokapo inakaa pale ikisoma namba ya chini, na mwendeshaji kwenye chumba cha uendeshaji anaongeza vichomeo akisubiri ipande. Ndani ya nusu saa mirija inaweza kuwa imeinama kama mishumaa juani.

Kinga zake hazina teknolojia kubwa. Andika mapema ni vichomeo vingapi vinatakiwa kuwaka kwa kila hatua na kwa presha gani ya gesi. Namba ikizidiwa, simamisha bila mjadala. Thibitisha mtiririko wa naitrojeni au mvuke kwa vipimo viwili visivyotegemeana. Panda polepole, nyuzi 50 kwa saa ni mwendo wa salama. Mvuke usiingizwe mpaka kila sehemu iwe angalau nyuzi 50 juu ya kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo mvuke huanza kuwa maji, la sivyo maji yatakaa kwenye wavu wa chini na kugeuka mvuke kwa kishindo baadaye. Na kila baada ya dakika 30, au mara nyingi zaidi, mtu aende kwenye matundu aangalie mirija kwa macho yake. Siku hiyo pirometa ya mkononi inaweza kuokoa tanuru.

SSR inaongeza jambo moja hapa. Foili ina uzito mdogo sana ukilinganisha na kauri, kwa hiyo mrija wenye SSR una hifadhi ndogo ya joto. Unapanda haraka na unashuka haraka. Kwa kiwanda kinachowashwa mara kwa mara hiyo ni nafuu ya saa na mafuta, lakini mwendeshaji aliyezoea uzito wa pete atakuta namba zinakimbia. Mfundisheni kabla, na punguzeni kiwango cha kengele ya halijoto kwa wiki za mwanzo.

Nikeli pia inaweza kuwa oksidi baada ya kusimama muda mrefu kwenye mvuke mtupu. Mpaka oksijeni yake iondolewe na haidrojeni, haifanyi kazi, na mrija usiofanya kazi hauchukui joto. Kabla ya kupandisha moto kwa mzigo kamili, angalia methani ya kutokea. Ikiwa juu kuliko hesabu, kichocheo bado hakijaamka, na kuongeza moto ni kuuchoma mrija bure. Uwiano wa mvuke kwa kaboni usishushwe chini ya 2.5 hadi 3 wakati wote huo. Mvuke ukikatika hata kwa sekunde chache huku gesi ikiingia, kaboni hujijenga papo hapo.

Nafuu uitumie wapi

Ukishapata zile nyuzi 20, una njia tatu. Unaweza kuziacha ukutani na kununua maisha ya mirija. Unaweza kuongeza moto mpaka ukuta urudi pale ulipokuwa, upate haidrojeni zaidi. Au unaweza kubaki na uzalishaji ule ule na kupunguza mafuta ya kuchoma. Vipeperushi huwa vinataja zote tatu kwa sentensi moja, na msomaji anatoka akidhani atazipata pamoja. Mshika mbili moja humponyoka. Kila nyuzi inatumika mara moja.

Kwa anayetaka uzalishaji zaidi, kagua vitu vya nje ya mirija kabla ya kuangalia bei. Feni ya kuvuta moshi ina nafasi iliyobaki? Boila ya kupozea gesi inayotoka inaweza kupokea mtiririko zaidi bila kupitisha gesi ya moto mbele? Kati ya nyuzi 450 na 800 gesi hii yenye kaboni monoksaidi hula vyuma vingi mpaka vikawa unga, na vali ya kupitisha pembeni ya boila ndiyo huanza kuumwa. Kipande cha usafishaji wa mwisho, ambacho kwa kawaida hupata asilimia 85 hadi 90 ya haidrojeni iliyoingia, kina uwezo uliobaki? Ukipata "hapana" moja tu, foili mpya itakuwa mapambo ya gharama.

Kwa anayetaka kuokoa mafuta kuna mtego ambao kwa kweli unastahili kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila zabuni. Kwenye rifoma ya kawaida, nusu tu ya joto la moto ndiyo inayoingia kwenye mirija. Nusu nyingine inatoka na moshi, ukiwa bado karibu nyuzi 1,000, na kwenda kupasha mvuke, gesi na hewa kwenye bomba la moshi. SSR ikichukua joto vizuri zaidi, moshi unatoka ukiwa umepoa. Koili za kupashia gesi ya kuingia zinapata joto pungufu, gesi inaingia kwenye mirija ikiwa baridi zaidi, na sehemu ya juu ya mirija inalazimika kufanya kazi ya koili. Mvuke wa kuuza nao unapungua. Kama kiwanda cha jirani kinaishi kwa mvuke huo, umehamisha tatizo tu. Hesabu ya akiba ifanywe kwa tanuru zima pamoja na bomba lake la moshi.

Kama mvuke wa ziada hauna mnunuzi kabisa na kiwanda ndiyo kwanza kinajengwa, SSR ndani ya tanuru la kawaida huenda isiwe jibu bora. Rifoma ya mpozo ya Topsoe, HTCR, hutumia moshi na gesi inayotoka kwa pamoja kupasha kichocheo, na takriban asilimia 80 ya joto inaingia kwenye mmenyuko badala ya 50. Hiyo ni safari nyingine, ila mtu anayepanga kiwanda kipya, iwe kwa ajili ya usafishaji mafuta unaopangwa Kabaale, Hoima, nchini Uganda, au kwingineko, aipigie hesabu pia. SSR ni ya yule ambaye tanuru lake tayari limesimama. Wahandisi walioko kwenye viwanda vya Sohar (Omani) na Ruwais (Falme za Kiarabu) ndio hasa wanaoweza kukutana nayo mezani.

Ya kudai kwenye mkataba

Bei ya foili iko juu ya pete, na kuilinganisha na pete ni kulinganisha visivyolingana. Ilinganishe na gharama ya kubadilisha mirija mapema, au na kiasi cha haidrojeni unachonunua nje. Dai dhamana ya aina tatu: halijoto ya juu kabisa ya ukuta kwa mzigo uliotajwa, upotevu wa presha baada ya mwaka mmoja na baada ya mizunguko kadhaa ya kuzima na kuwasha, na methani ya kutokea. Dhamana ya "upitishaji wa joto" usiikubali, haipimiki tanurini. Taja aina ya pirometa, mirija ya kupimwa kwa namba zake, na nani atasimama kwenye tundu pamoja na fundi wako.

Ukibaki na shaka, valisha mirija michache kwanza, ila si iliyotawanyika ovyo. SSR ina upotevu wa presha tofauti na pete, na mirija yote inashiriki kichwa kimoja cha kuingizia gesi. Mrija mwepesi utavuta gesi zaidi na kuonekana baridi kwa sababu isiyo ya haki. Kwa jaribio la kweli, mtengenezaji atengeneze nguzo zenye upotevu wa presha sawa na pete zako za sasa, na uchague safu ya katikati ya tanuru. Ya kando hupata moto wa safu moja kamili ya vichomeo na ya pili iliyopunguzwa kwa makusudi, kwa hiyo namba zake hazifanani na za tanuru zima.